Muhuri wa Mkunazi

Kila mtu wa rika langu hapa chini ya Mlima Yi atakuapia kwamba alimwona Mfalme wa Kwanza kwa macho yake. Mume wangu Pang anasema alikuwa mrefu kama mlango wa ghala. Jirani yetu anasema alikuwa mfupi, mwenye kifua cha kuku na sauti ya mbweha. Mimi nilikuwepo siku hiyo hiyo, barabara hiyo hiyo, na nilichokiona ni vumbi. Tulilazwa kifudifudi, wanaume mbele na wanawake nyuma, pua zetu ardhini, na askari wakitembea katikati yetu na mikuki kuangalia kama kuna kichwa kinachoinuka. Magurudumu yakapita, mengi mno, kisha yakaisha. Tulipoinuka, Pang alikuwa na sisimizi kwenye nyusi. Huyo ndiye aliyemwona Mfalme.

Mfalme alipanda mlimani kwetu, akaacha jiwe lililochongwa sifa zake mwenyewe, akashuka, akaenda zake baharini. Jiwe lile hatukuwahi kulisoma, kwa sababu kusoma hatujui na mlima ni mkali. Kilichotufikia sisi ni pishi, chombo cha kupimia nafaka. Ndiyo maana nataka kusema habari za Mama Shu, mfinyanzi. Watu wanaposimulia habari za Mfalme humsahau mama huyu, na bila yeye wasingekuwa na la kusimulia.

Zamani, kila bwana mwenye shamba alikuwa na pishi zake mbili, ya kutolea na ya kupokelea, na mtoto mdogo angeweza kukuonyesha ipi ni ipi. Mfalme akapiga marufuku. Nchi nzima, pishi moja. Karani wa wilaya, kijana mmoja mwembamba aitwaye Gan, akamletea Mama Shu pishi ya shaba ya kufuatisha na kisanduku cha mihuri kumi ya mbao. Kila muhuri ulikuwa na herufi nne. Chungu kikiwa bado kibichi, ulipiga mihuri ile kuzunguka mdomo wake, mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wake, na ulipofika wa kumi amri yote ya Mfalme ilikuwa imekaa pale, herufi arobaini. Chini, kitakoni, mfinyanzi aliweka alama yake mwenyewe, ili kosa likitokea lijue njia ya kurudi nyumbani.

Mama Shu alikuwa mjane. Mfupi, mwenye mikono ya mwanaume, na ulimi ambao hata mbwa wake waliuogopa. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni, na yeye alikula gaeni kwelikweli: bakuli lenye pengo, akilizungusha apate upande mzima wa kuwekea mdomo. Chombo chake cha thamani kilikuwa kijiti. Kijiti kilikuwa na alama mbili, moja ya udongo mbichi na moja ya udongo uliotoka jokoni, kwa sababu udongo hupungua motoni na chungu hutoka kidogo kuliko kilivyoingia. Ufundi wa pishi ni huo tu, kujua moto utakuibia kiasi gani na kuuongezea kabla haujaiba.

Alikuwa na mtoto mmoja, Shu, wa miaka ishirini. Shu alikuwa na masikio makubwa, mikono mizuri, na mchumba. Mchumba ni mimi. Nalisema sasa ili usije ukasema nilikuficha.

Mwaka wa pili wa kazi ile, muhuri wa nne ulipasuka. Kupasua mali ya Mfalme si jambo la kwenda kutangaza wilayani, kwa hiyo Shu alikata kipande cha mti wa mkunazi nyuma ya nyumba, akakaa juani na patasi. Mara ya kwanza alifuatisha herufi kutoka kwenye chungu. Alipoupiga muhuri wake kwenye udongo, herufi zikatoka zimegeuka, kulia kwao kushoto.

"Umechonga huku umening'inia kichwa chini kama popo?" mama yake akamwuliza.

"Mama, herufi zenyewe ndizo zinaangalia kule."

"Zinaangalia kule, na karani atakuangalia wewe. Chonga tena."

Alichonga tena, akiufuatisha ule uliopasuka mstari kwa mstari, bila kujua mstari mmoja una maana gani. Alifika mwisho kabisa nami nikamwambia neno, neno la kipuuzi tu, sikumbuki, akacheka na patasi ikateleza. Mkwaruzo mdogo ukabaki pembeni ya herufi ya mwisho, kama unywele. Mama yake aliutazama sana, kisha akasema kwamba karani mwenyewe haoni vizuri asubuhi. Ukaingia kisanduku pamoja na wenzake tisa. Gan alikuja, akakagua, akaenda.

Kilichotuangusha hakikuwa muhuri. Mto ulifurika mwaka ule ukafunika shimo letu la udongo, na Mama Shu akaanza kuchimba shimo jipya nyuma ya miforsadi. Udongo ulikuwa mzuri, laini, hauna mawe. Akatumia kijiti kile kile. Mfinyanzi yeyote wa kwetu leo atakuambia kwamba udongo mgeni hupimwa kwanza, na wanajua hivyo kwa sababu ya yaliyompata yeye. Udongo wa miforsadi ulipungua zaidi motoni. Pishi kumi na mbili zikatoka, nzuri, zinalia kama kengele ukizigonga, na kila moja imepunguka.

Gan alimimina ulezi kutoka kwenye pishi ya shaba hadi kwenye ya udongo. Ulezi ukajaa, ukasawazishwa kwa ubao, na wa kuzidi ukamwagika kwenye mkeka.

"Imepungua unene wa ukucha," akasema.

"Ukucha wa nani? Wako au wa mtoto mchanga?"

"Mama Shu, tafadhali. Sheria haina utani."

"Adhabu ni nini?"

"Deraya moja ya vita."

"Deraya!" Alijitazama mavazi yake ya katani kuanzia juu mpaka chini. "Baba, ningekuwa na deraya ningekuwa nimeivaa tangu asubuhi, nilipokuona unakuja."

Gan hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeandikiwa cha kusema. Asiye na deraya, akasema, hulipa kwa siku zake za kazi, na kama yeye ni mwanamke, mwanawe anaweza kwenda badala yake. Walikuwa wanahitaji watu upande wa magharibi, kwenye mlima ambako Mfalme alikuwa anajichimbia kaburi akiwa mzima na afya yake.

Shu alikuwa ameshaanza kufunga viatu. Kwangu alisema, "Nisubiri mavuno mawili." Nilimpenda, sioni haja ya kulizungusha. Nilisubiri mavuno manne, na baada ya hapo wazazi wangu wakanipa kwa Pang, ambaye alikuwa na ng'ombe.

Mama Shu hakulia mbele yetu. Alikivunja kile kijiti kwa goti. Kisha akafinyanga vibao vidogo ishirini kwa udongo wa kila shimo, akavichoma, akavipima kabla na baada, na akakata kijiti kipya kwa kila shimo na kuvifunga kamba za rangi mbalimbali. Kuanzia siku ile hakuna pishi yake iliyozidi wala kupungua. Wilaya nyingine wakawa wanaagiza kwake. Kila siku ya kazi alipiga amri ya yule mtu mara arobaini, mara hamsini, na kwenye muhuri wa nne mkono wake ulikuwa unakawia kidogo. Niliona, kwa sababu nilikuwa nakwenda kumkandia udongo. Aliendelea kuniita mkwe hata baada ya mimi kuzaa watoto wa Pang, na Pang, kwa akili zake zote alizojaliwa, alinyamaza kuhusu hilo.

Halafu Mfalme akafa safarini. Wakasema maiti yake ilirudishwa kwao katikati ya mikokoteni ya samaki waliooza, ili watu wasijue ni nani anayenuka. Kwetu watu walicheka mpaka wakakaa chini. Miaka yote ile tuliambiwa ataishi milele. Serikali ilituita sisi raia "vichwa vyeusi", kwa kuwa hatuvai kofia, na Pang alisema kumbe kichwa cheusi chenye uhai kinanukia vizuri kuliko mfalme.

Haikupita mwaka nchi ikawaka. Wakulima waliwaua wakuu wa wilaya kwa majembe, wakachoma nyumba za makarani pamoja na pishi ya shaba iliyokuwa humo, na siku ya soko wakaanza kuvunja chochote chenye maneno ya Mfalme. Pang alivunja pishi kumi na moja kwa mkono wake akiimba wimbo alioutunga mwenyewe, wimbo mbaya, mpaka leo anauimba akilewa. Mama Shu alisimama mlangoni mwa banda lake akimtazama. Nilidhani atamzuia. Akaingia ndani, akatoka na pishi zilizobaki, akawa anampa moja moja.

"Hii hapa. Na hii. Piga kwa nguvu, mvivu we, unaigonga kama yai!"

Baadaye alikaa jikoni akachoma mihuri chini ya chungu cha uji. Mmoja, wa pili, wa tatu. Uliofuata akaunusa, akautia kwenye mkono wa vazi lake, kisha akaendelea na mingine hadi uji ukachemka.

"Mama, umebakiza mmoja," nikamwambia.

"Huo si wake," akasema. "Huo ni wa Shu."

Wafungwa wa kule mlimani walifunguliwa, wengine wakapewa silaha, wengine wakatawanyika. Kutoka wilaya yetu walirudi wawili. Hakuna kati yao aliyemjua Shu. Mmoja alisema watu walikuwa wengi kuliko nzige na kwamba majina hayakutumika sana.

Mfalme alipoondoka, mabwana wa zamani wakarudi na hati za babu zao. Wa kwetu alikuwa Bwana Luan. Sikumwona hata siku moja, ila msimamizi wake alikuja msimu wa mavuno na kikapu cha kupimia kilichosukwa vizuri, kimepakwa lami ndani, na akasema hii ndiyo pishi ya heshima iliyotumiwa na mababu. Nakubali kwamba mababu waliitumia. Ilikuwa ile ya kupokelea. Kila ulipojaza kikapu kile ulikuwa umetoa pishi na theluthi. Tulijua kwa macho, tulijua kwa uzito wa magunia, lakini hatukuwa na cha kumwonyesha. Chombo cha kumwonyesha tulikuwa tumekivunja sisi wenyewe, kwa nyimbo. Masika ile tulikula magome ya miforsadi, na kabla ya hapo tulikuwa tumekula sehemu ya mbegu. Kikapu kikija mara ya pili, mbegu zote zingekwenda, na bila mbegu kijiji hakina mwaka mwingine.

Pang akatumwa kwa Mama Shu. Sijui nani alimchagua.

"Mama," akaanza, amesimama mbali kidogo, "tunaomba utufinyangie pishi."

"Ziko wapi zile nyingine?"

"Zile... zile zilivunjika."

"Zilivunjika! Zenyewe? Zilijikwaa?"

"Mama, ujana."

"Ulikuwa na miaka thelathini na mbili, Pang. Na kitambi."

Lakini alizifinyanga. Alitumia kijiti chenye kamba nyekundu, udongo wa miforsadi ule ule, na pishi zikatoka sahihi, nikijua mimi kwamba ni sahihi kwa sababu nilimwona akipima. Zilikuwa tupu, hazina herufi. Tukazijaribu soko la kwanza, sisi kwa sisi, na hapo ndipo aibu yetu ilipoonekana. Muuza maharage akasema pishi hii ni kubwa mno. Mnunuzi wake akasema ni ndogo. Mmoja akasema Mama Shu ana undugu na fulani. Mwingine akasema amezeeka, mkono unatetemeka. Watu waliojua kwamba mwanamke huyu alimpoteza mwanawe kwa ajili ya ukucha mmoja wa ulezi walisimama pale wakimshuku wizi.

"Tatizo," Pang akasema tulipokuwa tunarudi, "haina maneno."

"Maneno gani?"

"Yale ya Mfalme. Zamani ilikuwa na maneno. Ukiona maneno unajua."

"Huwezi kusoma, Pang."

"Sihitaji kusoma. Nayaona."

Akaenda kumwambia Mama Shu hivyo hivyo. Alirudi na bonge la udongo mbichi shingoni. Na mimi, niliyejua kilichokuwa ndani ya mkono wa lile vazi, nilifunga mdomo. Nilijiambia si langu kulisema. Siku tatu gurudumu lake halikuzunguka, na ya nne nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kazi, muhuri uko magotini.

"Que," akasema, na ilikuwa nadra aniite jina, "nikiupiga huu, yule mtu atafufuka midomoni mwao."

"Ndiyo, Mama."

"Watasema alikuwa mwema."

"Watasema."

"Watamsifu kwa pishi. Mimi nimekaa hapa miaka kumi kwa ajili ya pishi, na watamsifu yeye."

Alikuwa anasema kweli.

"Nisipoupiga?"

"Kikapu kitakuja. Wanangu hawatafika masika, Mama. Yule mdogo hawezi magome."

Nadhani alitaka nimwombe, na mimi nilishindwa kumwomba, kwa sababu watoto hao walikuwa wa Pang na walipaswa kuwa wa mwanawe. Mwisho akausugua ule muhuri kwenye vazi lake kuutoa vumbi.

"Lete maji," akasema. "Na usimwambie yule mpumbavu wako ni mmoja tu."

Tulifanya kazi siku sita. Muhuri ni ule ule mmoja, akaupiga mara kumi kuzunguka mdomo wa kila chungu, akiacha nafasi sawasawa. Kwa mtu asiyejua kusoma ilikuwa imefanana na ya zamani kabisa. Sisi hatukujua kusoma. Nilimwuliza kama anajua herufi zile nne zinasema nini. Akasema hajui, na kwamba Shu pia hakujua, na wote wawili walizipiga sawa.

Siku ya mavuno msimamizi wa Bwana Luan alikuja na punda kumi na vijana wanne wenye fimbo. Tulikuwa wote uwanja wa kupuria. Pang alikuwa ameweka pishi moja juu ya kinu kilichopinduliwa, na watu waliizunguka wakiwa wametulia namna ambayo sikuwahi kuwaona. Wazee walikuwa wanaipapasa. Bibi mmoja aliinamisha kichwa kabisa. Yule muuza maharage aliyesema ni kubwa mno alikuwa mstari wa mbele na jembe lake.

"Hiki ni nini?" msimamizi akauliza.

"Pishi ya Mfalme," Pang akasema.

"Mfalme gani? Yule wa samaki?"

Baadhi ya vijana wake wakacheka. Wetu hawakucheka, na ni hao hao waliocheka mpaka wakakaa chini.

"Maneno yake yako hapa," akasema muuza maharage. "Pishi moja, nchi nzima."

"Mnajuaje? Kuna aliyesoma? Labda ni mapishi ya mumunye."

Watu wakatazamana. Kisha wote wakageuka kumtazama mtu aliyesimama nyuma, kando ya nguruwe. Gan hakuuawa wakati wa fujo kwa sababu Mama Shu alimficha jokoni siku mbili, joko likiwa limepoa. Sababu hakuwahi kuisema. Tangu hapo alilisha nguruwe wa kijiji na kujifanya mtu wa wilaya nyingine, na sisi tulimsaidia kujifanya.

"Gan!" Pang akapaza sauti. "Njoo usome!"

Gan alikuja akifuta mikono. Akaichukua pishi, akainua mdomo wake kwenye mwanga, akaizungusha kidogo. Niliona kidole gumba chake kikisimama. Akaizungusha tena, kikasimama tena. Aliizungusha mpaka mwisho, polepole, mara kumi, kisha akainua macho akamtafuta Mama Shu katikati ya wanawake. Mama Shu alimtazama bila kupepesa. Mtu huyu mmoja angesema neno moja la kweli na tungekwisha, na kusema kweli kuhusu vipimo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ujana. Kwa ajili ya ukweli wa aina hiyo alimpeleka Shu mlimani.

Gan akakohoa. Kisha akaanza kusoma, kwa ile sauti yake ya zamani ya wilayani, ya puani: mwaka wa kutawala, nchi zilizounganishwa, jina jipya la Mfalme, wakuu walioamriwa, na mwisho kabisa ile sehemu ambayo kila mtu alikuwa anaisubiri, kwamba vipimo visivyolingana vilinganishwe na penye shaka pawekwe wazi. Aliyasoma maneno yote arobaini kutoka kichwani, huku akizungusha chungu chenye maneno manne. Hakuruka hata moja. Watu walikuwa wanaitikia miisho chini ya pumzi, kwa maana walikuwa wameyasikia yakisomwa miaka yote ile na hawakujua kwamba wameyashika.

Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. Pang husimulia kwamba alitetemeka kwa hofu ya jina la Mfalme. Hakutetemeka. Alitazama majembe. Mwaka uliopita kila mtu alikuja mbele ya kikapu peke yake, na leo kulikuwa na wanaume arobaini nyuma ya chungu kimoja.

"Haya, pimeni," akasema. "Na mfanye haraka, punda wana kiu."

Tulipima pishi mfuto, kwa ubao, moja baada ya moja. Kikapu kilirudi juu ya punda kikiwa kitupu. Mbegu zilibaki, na yule mwanangu mdogo leo ana ndevu.

Jioni ile, jua halijazama, Gan alikuja kwa Mama Shu. Nilikuwa pale nakusanya vijiti. Hakuketi.

"Umepiga muhuri mmoja mara kumi," akasema.

"Ndio nilio nao."

"Unajua muhuri huo unasema nini?"

"Nitajuaje, baba? Mimi ni kichwa cheusi."

Gan alisita. Ilionekana ni neno gumu kulitoa kuliko lile la deraya. "Unasema: vichwa vyeusi wako katika amani kuu."

Mama Shu alikuwa ananawa. Aliendelea kunawa, akisugua udongo katikati ya vidole. Mimi nilisubiri laana, kubwa, ya kuangusha ndege mtini, na nilikuwa tayari kumsaidia.

"Mara kumi?" akauliza.

"Mara kumi. Kuzunguka."

"Labda mara moja haikuwatosha," akasema.

Akajikausha mikono, akauchukua muhuri, akamwonyesha Gan pembeni ya herufi ya mwisho. "Na hii hapa? Inasomekaje?"

Gan aliinama akatazama. "Hiyo si herufi. Ni patasi imeteleza. Haina maana yoyote. Ukitaka naweza kukutengenezea, nikaisugua ikaisha."

"Uiguse," Mama Shu akasema, "nikuchome jokoni. Safari hii likiwa na moto."

Alifariki miaka tisa baadaye, wakati wa kuchuma majani ya miforsadi, akiwa amekula vizuri, katika bakuli lenye pengo. Muhuri aliniachia mimi, pamoja na vijiti vyote na kamba zake, na mpaka mikono iliponiishia nguvu nilifinyanga pishi za wilaya hii. Sasa kuna wafalme wengine wanaoitwa kwa majina mengine, na hakuna aliyefuta pishi. Watu sokoni huapa kwayo. Mtu akishukiwa husema, "Kwa pishi ya Mfalme!" na ugomvi huisha. Mume wangu huwaambia wageni kwamba Mfalme wa Kwanza alikuwa mkali lakini mwenye haki, kwamba alizunguka vijijini mwenyewe akiandika juu ya vyungu kwa kidole, na kwamba yeye, Pang, alimwona kwa macho yake.

Namwacha aseme. Mama Shu alijua itakuwa hivyo na bado aliupiga muhuri. Lakini ninapopima ulezi wa jioni huishika pishi mahali pamoja, kidole gumba changu juu ya ule mkwaruzo, mahali nilipomchekesha Shu na mkono wake ukateleza. Nikizungusha chungu naukuta tena, na tena, mara kumi, kisha narudi pale nilipoanzia.